Mgeni wa Msimu wa Bonasi: Tujue Tunachotilia Sahihi Mlangoni

(Hotuba kwa viongozi wa vikundi vya kujisaidia, sehemu za Kericho na Bomet)

Tunawashukuru kwa kuacha majani shambani siku ya kuchuma na kuja hapa. Tutajaribu tusiwacheleweshe, kwa sababu tunajua lori la majani halimngojei mtu.

Tuliombwa tuzungumze juu ya "kubadilisha stima". Tulipouliza vikundi vinamaanisha nini hasa, tulipata majibu matatu. Wengine wanataka kutoka kwenye koroboi waingie sola. Wengine wana sola na sasa wanataka waya wa Kenya Power. Na wengine, wala si wachache, wana waya tayari, lakini wamelala gizani siku tatu baada ya mti kuangukia nyaya wakati wa mvua ya mawe, sasa wanataka sola kidogo ya kuweka kando. Haya yote ni mawazo mazuri. Lakini katika yote matatu tulisikia habari ya mtu mmoja: kijana mwenye fulana ya kampuni, mkoba mgongoni na simu mkononi, ambaye amefika mlangoni kabla ya mwenye nyumba kumaliza kufikiri.

Huyu kijana anaijua kalenda yetu vizuri. Mkulima mdogo anayepeleka majani kwenye kiwanda kilicho chini ya KTDA, kama vile Litein, Kapkatet, Momul, Tegat, Mogogosiek au Kapkoros, hulipwa kidogo kila mwezi, halafu malipo ya pili ambayo sisi tunaita bonasi huja karibu na Oktoba. Sasa hebu jiulizeni ni mwezi gani pikipiki za maajenti hujaa katika njia zetu. Si Februari wakati karo imetumaliza. Ni Septemba na Oktoba. Na ninyi mnajua kwamba bonasi ya upande wetu wa magharibi ya Bonde la Ufa, kwa miaka mingi, imekuwa chini ya ile ya Mlima Kenya. Kwa hiyo mtu akipanga deni lake kwa kutegemea bonasi ya jirani aliyesikia kwenye redio, amejifunga kwa pesa ambayo haipo.

Tusimtukane kijana huyo. Mara nyingi ni mtoto wetu wenyewe, amemaliza shule, hana kazi, na hulipwa komisheni kwa kila nyumba anayoandikisha. Asipoandikisha, hali. Ndiyo sababu hawezi kukuambia, "Kogo, kwa mapato yako hii si ya kununua mwaka huu." Kazi ya kusema hivyo ni yetu.

Jambo hili si la Kenya peke yake. Uingereza, kwa mfano, mwenye nyumba anaweza kuacha kampuni moja ya stima akahamia nyingine, kwa sababu makampuni ni mengi na waya ni ule ule. Soko la majumbani lilifunguliwa huko mwisho wa miaka ya 1990. Kilichofuata ni wauzaji kuzunguka mlango kwa mlango wakiahidi bei nafuu ambayo wakati mwingine haikuwa nafuu hata kidogo. Mnamo Aprili 2013 kampuni kubwa iitwayo SSE ilitozwa faini ya pauni milioni 10.5 kwa kuwapotosha wateja, na kabla ya hapo, mwaka 2011, ilikuwa imeshaacha kuuza mlangoni. Tunawaambia haya ili mjue kwamba hata watu waliosoma sana, wenye ofisi za serikali karibu, walitia sahihi mlangoni wakajuta. Si ujinga wa kijijini.

Kwetu hali ni tofauti kidogo. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019 ilifungua mlango ili makampuni mengine yaweze kupewa leseni ya kusambaza na kuuza stima. Lakini waya unaopita juu ya boma lako, na mita iliyo ukutani kwako, ni ya Kenya Power. Kwa hiyo mtu akija akisema, "Mama, nipe namba ya mita nikuhamishie kampuni ya bei ya chini," huyo hana pa kukuhamishia. Mwambie asante, umsindikize mpaka langoni.

Kuna na wale wanaojiita wafanyakazi wa Kenya Power. Mmoja anataka "chai" ili nguzo ifike kwako kabla ya ya jirani. Mwingine anasema mita imeharibika na lazima ulipe sasa hivi, la sivyo anakata. Tuseme wazi: malipo ya Kenya Power hayapiti mfukoni wala kwenye simu ya mtu binafsi. Mtu akifika, omba kitambulisho chake cha kazi, kisha ukipige *977# au uite namba 97771 uulize kama kweli ametumwa. Akikasirika kwa sababu umeuliza, umeshapata jibu. Mwaka 2024 mita zote za tokeni zilihitaji kusahihishwa kabla ya tarehe 24 Novemba, mteja akiingiza namba za ziada alizotumiwa pamoja na tokeni yake. Kazi hiyo ilikuwa bure kabisa, dakika tano tu za kubonyeza. Kama kuna mtu alikulipisha kwa ajili hiyo, alikuibia.

Wale wanaongojea waya, tukumbushane kidogo. Mpango wa Last Mile ulipoanza mwaka 2015, ada ya kuunganishwa ilishushwa kutoka shilingi 35,000 hadi 15,000 kwa nyumba zilizo ndani ya mita 600 kutoka kwenye transfoma. Watu wengi hapa walipata stima kwa njia hiyo. Na katika bei zilizoanza Aprili 2023, nyumba inayotumia uniti 30 au chini kwa mwezi iliwekwa kwenye daraja la bei ya chini kabisa. Nyumba ya taa nne, redio na simu haizidi hapo kirahisi. Kwa hiyo kabla ya kuingia deni la sola kubwa, nenda ofisi ya Kenya Power uulize kama transfoma iko karibu nawe na kama boma lako limo katika mpango. Usimwulize ajenti wa sola swali hilo. Atakuambia stima haitafika mpaka wajukuu wazeeke!

Sasa tuje kwenye sola yenyewe, maana hapo ndipo pesa nyingi zinapotoka.

Hatupingi sola. Tumeona watoto wakisoma usiku bila moshi wa koroboi machoni. Tangu Septemba 2018, serikali ilipoweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, koroboi si taa ya maskini tena. Na mpango wa kulipa kidogo kidogo kwa M-Pesa umewapa taa watu ambao wasingeweza kulipa kwa mkupuo. M-KOPA ilipoanza kuuza nchini mwaka 2012, na katika miaka yake ya mwanzo, mteja alitoa kianzio cha karibu shilingi 3,000 kisha akalipa shilingi 40 kwa siku kwa mwaka mmoja. Baadaye wengine wengi waliingia katika biashara hiyo hiyo, na vitu vikaongezeka: televisheni, simu, hata pikipiki.

Hesabu ndiyo inayotupita. Ajenti hutaja shilingi za siku, hataji jumla. Tuchukue mfano, na huu ni mfano wa hesabu tu. Kianzio 4,000, kisha shilingi 70 kwa siku kwa siku 500. Shilingi 70 ni nini? Ni mandazi na chai hapo Kapkatet. Lakini 70 mara 500 ni 35,000. Ongeza kianzio, 39,000. Sasa tuseme kitu kama hicho dukani Kericho, kwa pesa taslimu, ni 24,000. Tofauti ni 15,000. Kama kilo moja ya majani inakuletea shilingi 20 mwisho wa mwezi, hizo 15,000 ni kilo 750. Ni wewe na mgongo wako, kilo 750, kwa ajili ya kungojewa tu. Labda inafaa, labda haifai. Mtu mwenye mgonjwa nyumbani anayehitaji mwanga usiku anaweza kuona inafaa. Lakini aamue akiijua.

Tena shilingi 70 kwa siku ni kila siku. Jumapili imo. Siku ambayo gari la majani halikuja imo. Siku ya matanga imo. Mkulima wa chai hapati pesa kila siku, hupata mara moja kwa mwezi, kwa hiyo kwake deni hili ni 2,100 kila mwezi kabla ya sukari. Usipolipa, kuna kitu ndani ya mashine kinachoizima bila mtu kuja. Utaona betri imejaa, jua linawaka, na taa haiwaki.

Na lile neno lao, "ni pesa ile ile ya mafuta ya taa," lisikubaliwe hivi hivi. Kabla ya kutia sahihi, chukua daftari la mtoto uandike kwa wiki mbili kila shilingi ya mafuta, mishumaa, betri za tochi na kuchaji simu sokoni. Mama mmoja wa kikundi alifanya hivyo akakuta ni shilingi 28 kwa siku. Alikuwa karibu kuingia deni la 70.

Tuwaeleze kisa kimoja kutoka upande wa Bomet. Hatutaji kampuni wala mtu. Kogo mmoja anayelea wajukuu alinunua taa tatu na redio kwa kulipa polepole. Alimaliza deni lote, taa zikawa zake. Miezi michache baadaye kijana alikuja akamwambia, "Kogo, umelipa vizuri sana, kampuni inakuongezea televisheni." Kogo alisikia "inakuongezea" akaelewa zawadi. Alitoa kitambulisho, alitoa simu, kijana akabonyeza, ujumbe wa Kiingereza ukaja, akabonyeza tena. Lilikuwa deni jipya la zaidi ya mwaka mmoja. Na zile taa zake, ambazo alikuwa amezimaliza, ziliwekwa kuwa dhamana ya televisheni. Alilipa kwa pesa ya karo ya mjukuu wa kike aliyekuwa kidato cha pili. Msichana akarudi nyumbani muhula mzima. Bonasi ilipokuja ndogo, malipo yakakwama, na siku hiyo televisheni ilizima pamoja na taa. Nyumba iliyokuwa na mwanga wake halali ikarudi kwenye koroboi.

Kikundi chake hakikukaa kimya. Watu wanne walikwenda naye mpaka ofisi ya kampuni wakiwa na ujumbe wote wa M-Pesa. Baada ya safari tatu, kampuni ilichukua televisheni na kufungua taa. Pesa alizokwisha kulipa hazikurudi. Sisi tunaona angalau hizo zingehesabiwa, lakini hiyo ndiyo hali.

Kogo angeweza kufanya nini? Hapa kuna sheria ambayo watu wengi hawajaisikia, na hata maajenti wengi hawaijui. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mtumiaji haki ya kupata maelezo ya kutosha juu ya kitu anachonunua, na kulipwa fidia akipata hasara kwa sababu ya kitu kibovu. Halafu kuna Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012. Hiyo inasema kwamba makubaliano yaliyofanywa ana kwa ana mahali ambapo si ofisi wala duka la muuzaji, yaani mlangoni kwako, au sokoni chini ya mwavuli, lazima yaandikwe na upewe nakala. Na unaweza kuyavunja bila kutoa sababu yoyote, kuanzia siku ulipokubali mpaka siku kumi baada ya kupokea nakala ile iliyoandikwa.

Siku kumi! Mwenye nyumba ana siku kumi za kulala, kuuliza mwalimu wa shule asome ile karatasi, kuuliza kikundi. Ukiamua kuvunja, andika barua fupi: jina lako, tarehe, kitu gani, "ninavunja makubaliano haya." Weka nakala. Tuma na ujumbe wa simu pia, na usiendelee kukitumia kitu hicho. Kiweke kwenye boksi lake. Sheria hiyo hiyo inasema kitu ulicholetewa bila kukiagiza hakikufungi kulipa. Kijana akiacha mashine kwako "ujaribu tu", hujanunua chochote.

Kwa hiyo mlangoni usibishane na mtu juu ya bei. Omba karatasi. Mwambie hivi: "Kijana wangu, karibu maji. Niachie maandishi yenye bei ya taslimu, jumla ya kulipa polepole, na idadi ya siku. Utanipata kwenye kikundi wiki ijayo." Akisema ofa inaisha leo jioni, iache iishe. Kitambulisho kisitoke sandukuni na simu isitoke mkononi mwako. Wengi wametuambia walitoa simu kwa heshima, kwa sababu mgeni aliomba na wao wana adabu. Adabu ni kumpa mgeni maji na kiti. Simu yako sasa ni sahihi yako.

Jambo lingine tunaliona likivuruga nyumba. Ajenti huja saa nne asubuhi, mama yuko peke yake. Au hukuta mzee sokoni siku ya bonasi, mama hayupo. Mmoja anatia sahihi, wote wawili wanalipa. Tumekaa na wenye ndoa waliogombana miezi juu ya deni la redio. Vikundi vingine vimeweka kanuni ndogo: hakuna deni la zaidi ya kiasi fulani bila wote wawili kukaa. Si lazima iwe kwenye katiba ya kikundi, lakini inasaidia mtu kusema, "Kikundi chetu kinakataza." Ni njia ya kukataa bila kumvunjia mtu heshima.

Juu ya kitu chenyewe tuseme machache, maana sisi si mafundi. Uliza betri ni ya aina gani, dhamana ni ya miaka mingapi, na ikiharibika nani anaitengeneza na wapi. Kama jibu ni Nairobi, fikiria nauli. EPRA, mamlaka inayosimamia nishati, hutoa leseni kwa mafundi na wauzaji wa sola. Omba kuona leseni, hasa kama ni mtambo mkubwa wa kufungwa juu ya paa. Na sisi tunakaa mahali pa ajabu: Kericho ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye mvua ya mawe mara nyingi zaidi, na saa nane mchana mawingu yameshafunga. Kwa hiyo uliza kama dhamana inahesabu paneli iliyovunjwa na mawe. Paneli itazame mashariki kidogo ili ikamate jua la asubuhi, iinamishwe ili mvua iioshe, na iwe mbali na kivuli cha mibuluu. Nyumba nyingi tulizotembelea zikilalamika "sola mbaya" zilikuwa na paneli chini ya mti.

Njia tunayoipenda zaidi ni kumwita muuzaji kwenye kikundi. Badala ya yeye kuja kwa nyumba thelathini, moja moja, mwacheni aje mara moja mbele ya watu thelathini. Alikeni wawili au watatu siku moja. Mtaona bei inavyobadilika akijua mwenzake amekaa pale. Katibu aandike ubaoni bei ya taslimu na jumla ya polepole za kila mmoja. Kikundi chenye akiba ya kuzungushana kinaweza kununua kwa taslimu, watano mwezi huu, watano mwezi ujao, na ile riba ikabaki kwenu.

Tunajua swali ambalo wengi mnangoja kuuliza: je, aliyekwisha tia sahihi na siku kumi zimepita? Kwanza, tazama kama kweli ulipewa nakala iliyoandikwa, kwa sababu siku zinahesabiwa kutoka hapo. Pili, usiache kulipa kimya kimya. Nenda ofisi ya kampuni uombe kwa maandishi upunguziwe malipo au urudishe kitu. Wengine hukubali. Futa kwenye simu ujumbe mwingine wote ukitaka, lakini ujumbe wa malipo usifutwe, huo ndio risiti. Kama ulidanganywa, peleka malalamiko kwa EPRA au kwa Mamlaka ya Ushindani ya Kenya, ambayo hupokea mambo ya watumiaji. Pia kuna Mahakama ya Madai Madogo kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Huhitaji wakili, na sheria inataka kesi imalizike ndani ya siku 60. Ulizeni mahakamani Kericho au Bomet jinsi ya kuandikisha. Usiende peke yako. Yule kogo alisikilizwa alipokuja na watu wanne.

Kila mwenye karatasi ya deni la sola, hata kama imechanika, aibaki nayo baada ya mkutano. Tutakaa hapa mpaka saa tisa tuzisome pamoja, na mwalimu ameahidi kutafsiri zile za Kiingereza.